Nani Aliwapa Sungura Maji?

"Huda, nakuuliza kitu kimoja tu. Ni wewe?"

Simu ilikuwa juu ya kinu tulichokipindua, imewekwa sauti ya nje, maana Huda mikono yote miwili ilikuwa ndani ya beseni la unga. Yeye anakanda, mie nasukuma, mdogo wangu Bupe anageuza chapati. Jumamosi ya kawaida kabisa, jikoni kwetu Bunju, nimerudi likizo nimejaa umbea wa chuo hata sijaumaliza. Godi wake kapiga, Huda katabasamu, kanambia, "Tupo, nipokelee, weka hapo nimsikie." Sie tukajiandaa kucheka.

"Ni mimi nini?"

"Siku ya vita. Ni wewe uliyemwambia Aiman kwamba kwetu hakuna mtu?"

Huda hakuitoa mikono. Alikanda tu, na ule unga ulishalainika zamani.

"Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Nimekuuliza nani kakwambia, Godi."

"Huda, kaka yangu alikuwa amelala mle ndani."

"Najua."

"Basi sema. Ndiyo au hapana."

Bupe alikuwa kaacha kugeuza. Harufu ya kuungua ikaanza kutupanda puani na hakuna aliyesogea.

"Ndiyo," Huda akasema. "Ni mimi."

Upande wa pili tukasikia sepeto linakwaruza zege, huko saiti anakofyatua matofali, halafu na sepeto likanyamaza.

"Mwaka mzima," Godi akasema, sauti imekauka. "Mwaka mzima unaingia kwetu, unakula kwa mama yangu, unamwita mama. Usinipigie tena. Na kesho baba yako asije kuomba radhi yake. Aende huko Makka na mzigo wake."

Akakata.

Huda akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole. Akavaa ushungi wake vizuri. Alipofika mlangoni akageuka, akamtazama Bupe kwa muda, akasema, "Chapati yako inaungua." Akaondoka.

Ngoja niwaeleze vita yenyewe, maana asiye wa huku ataona tunakuza mambo. Huko magazetini waliita mgogoro wa ardhi. Sie tunasema vita. Shamba la minazi la Mzee Matar, yule mwenye duka pale njia panda, lilikuwa la babu yake. Dalali mmoja anaitwa Alfonsi akalikata vipande akawauzia watu waliotoka bara, walimu, makarani, mafundi, wakajenga na kuzaa watoto, kumbe mwenyewe Mzee Matar hajauza hata mnazi mmoja. Kesi ikaenda ikarudi. Watu wakakatana mapanga, duka likachomwa, watoto tukakatazwa kucheza na wa upande ule. Uzio wa minyaa ukawa mpaka, kama nchi mbili. Alfonsi alivyo mjanja akahama upande, akajifanya sasa anamsaidia Mzee Matar kuwatoa watu aliowauzia yeye mwenyewe.

Ikaja siku ambayo familia moja ya upande wetu, ya Mama Brightson, ilikwenda mazikoni Kerege. Nyumba ikabaki tupu, au watu walidhani tupu. Alfonsi akaleta katapila, ukuta ukasukumwa. Ndani alikuwa Brightson, ana homa, kalala.

Kifo kile ndicho kilichoimaliza vita. Watu waliogopa. Serikali ikapima upya, Mzee Matar akakubali kulipwa kidogo kidogo kila mtu abaki alipo, Alfonsi akafungwa. Siku ya kupatana tukala sinia moja, waliopigana wakipasuliana nyama. Kulikuwa na sharti moja tu, la Mama Brightson mwenyewe. Aiman, mtoto wa kiume wa Mzee Matar, alikuwa kakiri kwamba ndiye aliyemwambia Alfonsi ile nyumba haina mtu. Alisema alipita akaona kimya. Basi Mama Brightson akasema sawa, tumepatana, ila yule mtoto asivuke minyaa yangu. Kuvuka minyaa yake ndiko kuingia mtaani, hata kwao Aiman, hakuna njia nyingine. Aiman akaenda Buguruni kuuza vitunguu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Hajarudi hata siku ya Idi, na hii ni miaka mitano.

Brightson alikuwa kaka yake Godlisten, huyuhuyu Godi. Aiman ni kaka yake Huda. Sasa nyie fikirieni, kati ya wavulana wote wa Bunju hadi Mikocheni, Huda akampenda Godi.

Basi niliepua ile chapati nyeusi nikamgeukia mdogo wangu.

"Lete simu yako."

"Ya nini?"

"Bupe, mie si mama. Mie sidanganywi. Lete."

Akanipa. Wala hakuwa kafuta.

*Godi mie nakuonea huruma tu. Unampenda mtu usiyemjua.*

*Unamaanisha nini*

*Muulize nani alimwambia Aiman siku ile. Muulize kwa nini Aiman anaogopa kumtaja.*

*Bupe acha utani*

*Aliniambia mwenyewe kwa mdomo wake. Nikifa nizikwe na uongo huo kama nadanganya.*

Nikamuuliza alijuaje. Akasema Huda alimwambia mwaka jana, siku ya kumbukumbu ya Brightson, walipokuwa wawili wanaosha vyombo kwa Mama Brightson. Huda alilia ghafla, akasema mie ndo nilimwambia Aiman hakuna mtu, sikujua, sikujua. Akamwapisha asiseme.

"Na wewe ukasema."

"Godi alikuwa na haki ya kujua."

"Hiyo haki imekujia leo? Mwaka mzima ilikuwa wapi?"

Akaanza kulia. Mdogo wangu akilia anakuwaga kama mtoto wa chekechea, na mie huwa nalegea, lakini siku hiyo sikulegea.

"Mie ndo nilianza kumpenda, dada. Toka kidato cha pili. Huda alijua. Alijua na akamchukua."

"Alijua kwa kumwambia?"

Akafuta pua kwa kanga.

"Bupe, ulimwambia?"

"Si angeona mwenyewe."

Nilimrudishia simu yake. Miaka kumi na tisa wote watatu, walikuwa wakikopeshana hadi viatu, na angalia.

Jioni nilikwenda dukani kwa Mzee Matar nikijifanya nataka kiberiti. Mzee hakuwepo. Alikuwa anazunguka mtaani. Kwa wenzetu Waislamu, anayekwenda Hijja anapita kwanza kwa majirani, nyumba kwa nyumba, anasema kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua nakuomba radhi, na mtu anamjibu nimekuwia radhi. Asipofanya hivyo anaona safari yake ina doa. Mzee Matar na mkewe, Bi Wahiba, walikuwa wameshazunguka karibu kote. Nyumba ya Mama Brightson waliiweka ya mwisho.

Huda alikuwa kakaa nyuma ya mizani. Macho yamevimba ila kavu.

Nikamwambia kwamba ni Bupe. Akasema anajua, hakumwambia mtu mwingine duniani. Nikamwomba msamaha kwa niaba ya ukoo mzima wa Wanyakyusa, akacheka kidogo kwa pua. Akanieleza kwamba mama yake amegoma. Bi Wahiba kasema hapandi ndege kwenda kwa Mungu wakati mwanawe anaishi kama mwizi Buguruni. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kumuombea Aiman arudi. Na Mama Brightson kila akiombwa anajibu neno lilelile, kwamba Aiman aseme kweli alijuaje nyumba ni tupu, maana ile habari ya kupita akaona kimya yeye haamini.

"Kwa hiyo kesho utasema ni wewe," nikamwambia. "Aiman atarudi."

"Nitasema."

"Na Godi ndo basi."

Akachukua kitambaa akafuta mizani ambayo haikuwa na vumbi.

"Tupo, kuna neno moja nikilisema, Godi anarudi kwangu leo hii. Anakuja hapa kwa miguu."

"Sasa si useme!"

"Silisemi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nampenda," akasema, kwa sauti ya mtu anayekutajia bei ya sukari. Akanipa kiberiti changu.

Mwenzenu sikulala vizuri.

Jumapili baada ya misa, Mama Brightson alipanga viti uwanjani, pale pembeni ya ukuta mpya. Godi alikuwa kamwambia asiwapokee. Yeye kamjibu kwamba mtu akija kuomba radhi humfungii mlango, hata kama humpi. Mama yetu akanituma na birika la chai, akamsukuma na Bupe abebe vikombe, Bupe akakataa, mama akamtazama, Bupe akabeba.

Wakaja. Mzee Matar na kanzu yake nyeupe, Bi Wahiba anatembea polepole kwa ajili ya miguu yake inayovimba, Huda nyuma na baibui. Shikamoo zikapita, chai ikamiminwa, hakuna aliyekunywa. Godi alisimama mlangoni, mikono kifuani, hakukaa.

"Mama Brightson," Mzee Matar akaanza.

Tukatazamana. Miaka yote hiyo alikuwa anamwita dada. Lile jina lilikuwa halitoki mdomoni mwake.

"Nakwenda Hijja, Mungu akijaalia. Katapila nililikodi mie. Nilimwambia Alfonsi avunje kuta, watu wasiguswe, na mie nikabaki dukani nakunywa kahawa, sikwenda hata kuangalia. Mwanao akafa. Nakuomba radhi."

"Nilishakusamehe siku ya sinia," Mama Brightson akajibu. "Na leo nakusamehe tena. Nenda salama, ukaniombee na mie."

"Na Aiman?"

"Aiman sijamsikia bado."

Bi Wahiba akafunika uso na mtandio.

"Mama Aiman, usilie," Mama Brightson akasema, wala si kwa ukali. "Mie sina kisasi na mtoto. Lakini minyaa yangu siku zile ilikuwa ndefu kuliko mtu. Ukipita nje huoni kitu. Mwanao anasema alipita akaona. Aliona nini? Nataka kujua ilikuwaje. Kila mtu kaniambia nisamehe, hakuna hata mmoja kanieleza ilikuwaje."

"Huna haja ya kumsubiri Aiman," Godi akasema kutoka mlangoni. "Muulize huyo hapo."

Alimnyooshea Huda kidole. Yule msichana ambaye wiki iliyopita yeye Godi alikuwa anamnunulia mihogo ya kukaanga na kumtolea pilipili moja moja.

Huda akainuka, akaja mbele ya Mama Brightson, akapiga magoti kwenye mchanga.

"Ni kweli, mama. Mimi ndiye niliyemwambia Aiman. Aiman akamwambia Alfonsi. Amenibebea mimi. Nakuomba unipe radhi, na umruhusu kaka arudi."

"Huda," baba yake akasema. Hilo tu.

Mama Brightson hakumwinua. Alimtazama utosini.

"Na wewe ulijuaje?"

"Nilijua tu, mama."

"Ulijuaje, mwanangu? Habari ya msiba ilitufika alfajiri. Tukapanda lori, Kenta ya watu wa Kerege, tukaondoka. Hata jirani hatukumuaga."

Huda akachora mchanga kwa kidole.

"Huda," Mzee Matar akasema, "mtu unayemuomba radhi humdanganyi. Ukimdanganya haikushiki wewe wala mie niliyekuleta hapa. Sema."

"Baba, nisamehe. Hilo siwezi."

"Si mnaona," Godi akasema. "Mpaka leo anachagua la kusema."

Mama Brightson akanyanyuka. Akaingia ndani. Tulimsikia anavuta kitu chini ya kitanda, akatoka na kopo la rangi, lile la bluu la lita nne, limeingia kutu kwenye mdomo. Akaliweka chini, kati yake na Huda.

"Siku ile tuliporudi," akasema, "ukuta uko chini, banda la sungura wa Godi limepinduka, sungura wote wamekimbilia shambani. Watu wanapiga kelele, wanafukua. Mie nikaona kopo hili. Liko pembeni pale chini ya mlonge, wima, halijaguswa. Limejaa maji masafi mpaka juu. Na asubuhi tulipoondoka lilikuwa kavu, nakumbuka, niliona aibu kuwaacha wanyama bila maji ila Kenta ilikuwa inapiga honi."

Akapangusa kutu kwa kidole gumba.

"Nikajiambia ni Brightson. Kwamba mwanangu aliinuka na homa yake, akawapa sungura maji, akarudi kulala. Nimeishi na hilo miaka yote. Kama aliweza kuinuka kuteka maji, mbona hakuinuka aliposikia katapila? Nasema labda aliita. Labda alifika mlangoni. Kila siku nikifumba macho namwona yuko mlangoni. Sasa niambie, Huda. Aliyewapa sungura maji ni yeye, au ni wewe?"

Jamani. Nimesoma chuo, nimejifunza maneno mengi makubwa, sina neno la kueleza uso wa Huda. Alimtazama Mama Brightson, akamtazama Godi, akarudi kwa Mama Brightson. Alikuwa kama mtu aliyebeba vitu viwili na mikono haitoshi.

"Ni mimi, mama," akasema. "Hakuinuka. Nilipita chini ya minyaa nikateka pale kwenye pipa. Nyumba ilikuwa imefungwa, kimya, sikujua kuna mtu. Hakuinuka, mama. Alikuwa amelala. Usimwone tena mlangoni."

Mama Brightson akatoa pumzi ndefu. Akaliacha lile kopo.

"Nani alikutuma uwape maji?"

Huda akatikisa kichwa.

Halafu tukasikia kitu kinateleza, tukageuka. Ni Godi, anashuka taratibu na fremu ya mlango mpaka akakaa kizingitini.

"Mie," akasema.

"Godi, nyamaza," Huda akamwambia.

"Uliniambia ujumbe wangu hukuupata. Nilikuuliza siku ya mazishi, nyuma ya kanisa. Ukasema simu haikuwa na chaji."

"Nilikudanganya."

"Ilikuwa na chaji."

"Ilikuwa nayo, Godi."

Akaanza kuusema ule ujumbe, polepole, kama mtoto anayesomeshwa. Aliuandika kwa simu ya mama yake, ndani ya Kenta, akauficha kwa sababu wakati ule kuongea na mtoto wa Matar ilikuwa fimbo. "Tumeenda wote mazikoni Kerege. Nyumbani hakuna mtu. Pita chini ya minyaa uwape maji sungura wangu." Alikuwa na miaka kumi na minne. Huda akaupokea kwa simu ya dukani, akamwomba kaka yake amshikie duka kidogo, kaka akauliza unakwenda wapi, akamwambia. Alfonsi alikuwa kakaa pale barazani na kikombe cha kahawa. Aiman akataka kuonekana mwanaume mbele ya watu wazima. Basi.

"Niliandika wote," Godi akasema. "Niliandika hakuna mtu."

"Ulidhani hakuna mtu," Huda akasema. "Uliomba maji tu."

"Na jana nikakuambia usinipigie."

"Ni sawa."

"Si sawa. Ulikuwa unaniacha nikuchukie hivihivi?"

Huda akainamisha kichwa. Alikuwa bado kapiga magoti, mchanga umemjaa kwenye baibui.

Mama Brightson akaenda pale mlangoni. Mwili wake ni mzito, ana magoti mabovu, ila alichuchumaa mpaka akawa sawa na uso wa mwanawe, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Godlisten. Nitazame. Wewe ulishapanda mbele ya gari. Brightson alikuja mpaka barabarani, kavaa shati lake la kanisani. Nikamshika paji la uso, nikaona anaungua. Nikamwambia rudi ukalale, mie ndiye mama yako, rudi. Alikuwa hataki. Nilimlazimisha mie." Akamtikisa kidogo. "Kwa hiyo hapa tukianza kutafuta mkosaji, tuanze na mie. Unanisikia? Uanze na mie kwanza, ndipo ufike kwako."

Godi akaangusha kichwa kwenye bega lake. Alilia kwa sauti. Mtoto wa kiume wa saiti, mikono kama mbao, alilia mpaka Mzee Matar akageuza uso kuutazama ukuta.

Ilichukua muda. Chai ilikuwa imeganda utando. Mama Brightson akarudi kwenye kiti, akamvuta Huda mkono, akamkalisha pembeni yake, akampangusa mchanga magotini kama anapangusa mtoto wake.

"Nimekuwia radhi," akamwambia. "Si ndivyo mnavyosema?"

"Ndivyo, mama."

"Na mie niwie. Nilimnyima mama yako mwanawe." Akamgeukia Bi Wahiba. "Mwambieni Aiman aje nyumbani."

Bi Wahiba akaitikia kwa kichwa, tena na tena.

Bupe wakati huo alikuwa anajisogeza kwenye geti na sinia la vikombe ambavyo hata havijanywewa. Nikamshika gauni kwa nyuma. Akaelewa. Akaliweka sinia chini, akaenda mbele ya Huda, na mdogo wangu ambaye ana mdomo kuliko redio hakupata maneno zaidi ya mawili.

"Huda, nisamehe."

Huda alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyotutazama wote.

"Nimekuwia radhi," akasema. "Kweli kabisa. Ila siri yangu nyingine usije ukaniomba."

Mzee Matar alipokuwa anavaa viatu alisimama mbele ya Godi. Akamwambia yale mengine ameyaona, yeye si kipofu, na miaka sitini hakuila kwa kulala. Dini ni mbili na watoto bado wadogo. "Nikirudi tutaongea," akasema. Godi akamjibu ndiyo mzee, huku anatazama chini. Mie nilitamani kucheka nikajibana.

Msidhani wakakumbatiana hapohapo. Godi hakumpigia Huda siku hiyo wala kesho yake. Alikuwa anapita dukani kichwa chini. Alichofanya ni kwenda Buguruni, peke yake, bila kumwambia mtu. Aiman ndiye aliyetuhadithia baadaye. Alikuwa sokoni anapakua magunia ya vitunguu, akamwona Godi anakuja moja kwa moja, akaweka gunia chini akasubiri kipigo. Alishajiandaa nacho miaka mitano.

"Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kukuchukua."

"Nani kasema?"

"Mama."

Aiman akakaa juu ya gunia. Godi akamuuliza kwa nini hakusema tu, kwa nini alikubali kufukuzwa peke yake wakati angeweza kusema habari ilitoka kwa nani. Aiman akamwambia Huda alimwomba. Alimshika kanzu usiku wa msiba, akasema Godi asijue, atakufa.

"Na mie nikaona ni kweli," Aiman akamwambia. "Wewe uliomba maji ya sungura. Huda alikwenda kuwapa. Aliyeufungua mdomo kwa Alfonsi ni mie. Yangu nimeibeba."

Wakarudi pamoja. Siku wazee wanaondoka mtaa mzima ulikuwa barabarani, wenzetu na dufu zao, sie tunapunga vitenge. Aiman alifika kwenye minyaa akasimama. Wanaume wakamwambia pita, akasema hapana. Akasubiri mpaka Mama Brightson akatoka kwake, na kandambili zake, akavuka kuja upande wa nje, akamshika mkono, wakaingia wote wawili. Bi Wahiba alipanda gari la kwenda uwanja wa ndege akiwa anacheka na kulia, miguu imevimba vilevile.

Sasa jana. Hii ndo iliyonifanya niandike, maana nitapasuka.

Jumamosi tena, jikoni kwetu. Huda alikuja mwenyewe, wiki mbili hajakanyaga. Akavuta beseni akaanza kukanda. Bupe yuko uani anaosha vyombo, hawajarudi kuwa walivyokuwa, sijui kama watarudi. Simu ya Huda ikalia mara moja juu ya kinu. Ujumbe.

"Nisomee, mikono ina unga," akanambia.

Nikasoma kwa sauti.

*Huda. Nimepata sungura wawili, mmoja mweusi mmoja ana mabaka. Jumatatu nakwenda Morogoro kuanza chuo. Banda nimelijenga upya chini ya mlonge na kopo ni lilelile. Utawapa maji?*

Uani nikasikia Bupe kaacha kuosha. Huda alikuwa katulia, vidole vimezama kwenye unga, machozi yanadondokea humohumo kwenye beseni na hakuyafuta.

"Nijibie," akasema.

"Nimwandikie nini?"

Akafikiri kidogo.

"Mwandikie, ujumbe wako nimeupata."